Stara kwa Sonny Clark

Sonny Clark, mpiga piano wa jazi wa Marekani, alirekodiwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ndiyo tunayoijua sisi wapenzi wake: studio, wenzake wamekaa mahali pao, mtambo umewashwa na yeye anajua kwamba umewashwa. Namna ya pili ilitokea mwaka 1961 ndani ya jengo moja la Manhattan, New York. Alikuwa amejidunga heroini, imemzidi, anagumia, yuko karibu kufa. Na hilo nalo limo kwenye kanda.

Rekodi za namna ya kwanza nimezisikiliza mara nisizoweza kuhesabu. Hiyo ya pili nimesoma tu habari zake. Nimejiuliza kwa muda mrefu: siku ikiwekwa mbele yangu, niisikilize? Zamani ningesikiliza bila kufikiri, tena ningejiona msikilizaji makini kuliko wenzangu. Leo nasita, na ninataka kueleza kwa nini, kwa sababu naona kusita huku hakumhusu Clark peke yake.

Kwa asiyemjua, tuanze na mtu mwenyewe. Conrad Yeatis Clark, aliyeitwa Sonny, alizaliwa Julai 21, 1931, Herminie, Pennsylvania, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe. Akiwa kijana alikwenda California, akapiga na mpuliza klarineti Buddy DeFranco na kuzunguka naye hadi Ulaya. Mwaka 1957 alihamia New York. Alikufa huko Januari 13, 1963, akiwa na miaka 31. Yaani maisha yake ya New York, yale yaliyotupatia karibu kila kitu tunachokipenda kwake, hayakutimiza miaka sita.

Katika miaka hiyo aliifanyia kazi kampuni ya Blue Note. Alirekodi santuri zake mwenyewe, na akakaa kwenye piano nyuma ya Lee Morgan, Hank Mobley, Jackie McLean, Grant Green, Dexter Gordon. Muziki wao ndio ule unaoitwa hadbopu: jazi ya miaka ya 1950 iliyochukua kasi na werevu wa bopu, ikaurudisha kwenye bluzi na kwenye sauti ya kanisa la watu weusi, mpaka hata asiyejua jazi akajikuta anatikisa kichwa.

Santuri yake inayopendwa zaidi ni Cool Struttin', iliyorekodiwa Januari 5, 1958, Hackensack, New Jersey. Fundi mitambo Rudy Van Gelder wakati huo alikuwa bado anarekodia sebuleni kwa wazazi wake. Art Farmer alishika tarumbeta, McLean saksofoni, Paul Chambers besi, Philly Joe Jones dramu. Jalada lina miguu ya mwanamke anayetembea kando ya barabara, na wimbo wenyewe, bluzi aliyoitunga Clark, una mwendo huohuo wa mtu anayetembea bila haraka kwa sababu anajua anatazamwa. Sikiliza zamu ya piano inapofika. Mkono wa kulia unasema sentensi ndefu kama za mpuliza tarumbeta, na wa kushoto unaitikia kwa ufupi, kama mtu anayesema "naam" huku mwenzake akisimulia. Hakuna pupa wala kujionyesha. Kila noti imepewa nafasi yake, imekaa.

Sasa njoo kwenye ile kanda nyingine. Mpiga picha W. Eugene Smith, aliyejipatia jina kwenye jarida la Life, alihamia mwaka 1957 kwenye jengo chakavu, namba 821 Sixth Avenue. Wanamuziki walikuwa wakikusanyika humo usiku kucha kupiga na kufanya mazoezi. Thelonious Monk alilitumia jengo hilo kujiandaa na onyesho lake la Town Hall mwaka 1959. Smith alipiga picha maelfu kwa maelfu, na pia akapitisha nyaya na maikrofoni kwenye kuta na sakafu. Hadi mwaka 1965 alikuwa amejaza kanda 1,740, kama saa 4,000 za sauti: muziki, simu, redio, watu wakipanda ngazi, paka. Na Clark akizidiwa.

Hakufa siku hiyo. Kwa simulizi iliyoandikwa miaka mingi baadaye, mwanamke kijana aliyekuwapo ndiye aliyemrudisha. Mwaka huohuo, Novemba 13, Clark aliingia studio na kurekodi Leapin' and Lopin', santuri ya mwisho kwa jina lake. Humo kuna wimbo wa taratibu, "Deep in a Dream", ambamo Ike Quebec anapuliza saksofoni ya tena kwa sauti ya mtu aliyekaa karibu nawe kabisa. Clark alifariki Januari 13, 1963. Quebec alifariki Januari 16. Siku tatu tu.

Hapo ndipo mpenzi wa jazi, mimi nikiwemo, anapoteleza. Tunapenda sana hadithi ya namna hii. Tunaisikiliza "Deep in a Dream", tunakumbuka heroini, tunakumbuka siku tatu, na machozi yanakuwa matamu zaidi. Maumivu ya mtu yanageuka kiungo cha kukolezea mchuzi. Halafu tunakwenda mbele zaidi na kusema kwamba bila maumivu hayo muziki usingekuwa mzuri hivyo. Hilo si kweli, na rekodi zenyewe zinakataa. Blue Note ilijulikana kwa kuwalipa wanamuziki hata siku za mazoezi kabla ya kurekodi, ndiyo maana santuri zake zinasikika zimeshonwa vizuri. Cool Struttin' ni kazi ya watu waliofanya mazoezi. McLean, ambaye heroini ilimtesa vilevile, aliiacha, akaishi hadi mwaka 2006, akafundisha vijana wengi huko Hartford, na saksofoni yake haikupungua ukali. Unga ulimpa Clark kitu kimoja cha hakika, nacho ni kaburi la mapema. Piano alijifunza mwenyewe.

Kwa nini nayajua haya kwa uchungu wa namna hii? Kwa sababu ya kaka yangu. Ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu Tanga huyo hatumwiti binamu, ni kaka. Alikuwa anapiga kinanda kwenye harusi. Si mtu maarufu, lakini ukimweka kwenye kinanda saa nne usiku, kina mama walikuwa hawakai. Baadaye akaingia kwenye unga. Kinanda kikauzwa, kisha vitu vya ndani, kisha akawa anaonekana kituo cha daladala, amesimama, amejikunja kiunoni kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka, dakika nyingi, haanguki wala hainuki. Wanaojua mateja wanaujua mkao huo.

Kuna mtu alimrekodi katika hali hiyo. Video ya sekunde kama arobaini. Anayerekodi anasikika akicheka. Ikazunguka kwenye simu mpaka ikafika kundi la ukoo, na nani aliileta mpaka leo hatujui. Miezi michache baadaye kaka akafariki. Msibani ikasemwa ni kifua.

Mama mkubwa hana simu ya kuonyesha video, lakini habari zilimfika. Siku moja nimekwenda kumsalimia, shikamoo imeitikiwa, chai imemiminwa, akaniuliza:

"Mwanangu, ile picha ya nduguyo unayo?"

"Ninayo, mama."

"Ya nini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia, ya harusini, ile anayopiga kinanda, niitunze, ataiomba aione siku moja. Hiyo nyingine niifute. Nikamwambia nitaifuta. Sikuifuta. Tena, nikubali aibu yangu, nimeitazama mara mbili baada ya hapo. Nilijiambia naitazama kwa sababu nampenda, kwa sababu huo ndio ukweli, na kaka wa harusini ni nusu tu ya kaka.

Alichokuwa anakiomba mama mkubwa kina jina katika lugha yetu: stara. Kumsitiri mtu ni kumfunika pale asipoweza kujifunika mwenyewe. Maiti inasitiriwa. Mgonjwa anayeogeshwa anasitiriwa, hata na mwanawe. Jirani ukimkuta amelewa amelala mtaroni, unamvutia shuka kwanza, maswali baadaye. Stara haisemi kwamba hukuona. Umeona, ndiyo maana unafunika.

Kwa kipimo hicho jibu la kanda ya Smith ni rahisi: usisikilize. Lakini mimi siamini majibu rahisi, na hili nimelipiga nalo mweleka.

Kwanza, stara ina upande wake mbaya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao hawakukosea. Sisi tulisema "kifua", na vijana wawili wa mtaa uleule wamemfuata kaka kwa njia ileile, nao pia, nadhani, wakasemewa kifua. Kifo cha Clark nacho kiliandikwa kuwa ni cha moyo, ingawa walio wengi wanaamini ilikuwa heroini. Shuka inayomfunika marehemu inaweza kuwafunika pia waliomwacha afe. Huko New York kulikuwa na watu na taratibu za kufunikwa. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1967 mwanamuziki hakuruhusiwa kufanya kazi kwenye klabu za jiji hilo bila kadi iliyotolewa na polisi, na aliyepatikana na kosa la dawa za kulevya angeweza kunyimwa. Billie Holiday alinyimwa, Monk alinyimwa, McLean alinyimwa. Mtu mgonjwa ananyang'anywa kazi kwa sababu ni mgonjwa, kisha watu wanashangaa haponi. Ukimsitiri Clark mpaka ukaacha kuyasema haya, humsitiri yeye, unaisitiri serikali ya jiji.

Pili, bila kanda na waliozifanyia kazi, nisingejua kwamba kuna mtu aliyemrudisha Clark siku ile. Kila nikisikiliza Leapin' and Lopin' sasa najua kwamba santuri hiyo ipo kwa sababu mwanamke mmoja hakukimbia. Hilo ni jambo jema kulijua. Limenifundisha juu ya watu waliomzunguka kuliko hadithi zote za "msanii aliyejiangamiza". Siwezi kula tunda halafu nikasema mti ungekatwa.

Kwa hiyo nilipofika ni hapa: kusema ni kitu kimoja, na kuonyesha ni kitu kingine. Ugonjwa usemwe, tena kwa jina lake. Sheria isemwe, dawa isemwe, aliyeokoa asemwe. Lakini mlio wa mtu anayekufa hauongezi neno lolote kwenye maelezo hayo. Nikikwambia "alizidiwa akagumia", umeshaelewa. Unachotaka zaidi ya hapo si maarifa. Sijui niite nini, lakini mimi nilikihisi nilipofungua ile video mara ya pili, na hakikuwa mapenzi.

Smith mwenyewe, bila kukusudia, ameacha mfano bora kuliko wangu. Miaka ya 1970 alikwenda Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na kuwalemaza watu. Picha yake inayojulikana kuliko zote inamwonyesha mama akimwogesha bintiye aliyezaliwa na sumu hiyo mwilini. Familia ilikubali picha ipigwe. Walitaka dunia ione walichotendewa, na dunia iliona. Binti alifariki mwaka 1977. Miaka ikapita, wazazi wakaona sasa mtoto wao apumzike, na mwaka 1998 Aileen Smith, aliyekuwa mke wa Smith na mwenye haki za picha hiyo, akawaachia wazazi uamuzi. Baadaye picha ilirudi tena hadharani, na ubishi juu yake haujaisha. Ninachojifunza hapo ni kwamba hata ruhusa ya kweli, iliyotolewa kwa sababu nzuri, ina mwisho wake. Sasa fikiria Clark, ambaye kwa saa ile hakuwa na uwezo wa kutoa ruhusa ya chochote.

Kuna atakayeniuliza: mbona unasikiliza santuri ambazo Clark hakuziona zikitoka? Swali zuri. My Conception, aliyoirekodi mwaka 1959 pamoja na Donald Byrd, Mobley, Chambers na Art Blakey, ilikaa kabatini mpaka ikatolewa Japani mwaka 1979, yeye akiwa kaburini miaka kumi na sita. Zile alizopiga na mpiga gitaa Grant Green zilitoka kuzunguka mwaka 1980. Kwenye matoleo mapya kuna hata majaribio ya pili na ya tatu ya wimbo uleule, ambayo wakati ule hayakuchaguliwa. Huko nako si kumvamia?

Sioni hivyo, ingawa sifumbi macho kwamba kuna waliofaidika na fedha asizoziona yeye. Kwenye kanda hizo Clark alikaa kwenye piano ili asikiwe. Kuchelewa kwa kampuni hakukubadilisha nia ya vidole vyake. Kwenye jaribio lililokataliwa pengine kuna noti iliyoteleza, na akiwa hai angeniambia, "Hapo ngoja, nirudie." Ni aibu ya fundi, na fundi yeyote anaijua na kuistahimili. Kule ngazini kwa Smith hakukuwa na cha kurudia. Hakuwa anapiga chochote. Kipimo changu basi ni hiki, kama ni kipimo: je, hapa mtu ananipa kitu, au ninamchukulia? Piano anatupa. Pumzi zake za mwisho, au zilizodhaniwa kuwa za mwisho, tunamchukulia.

Kuna mtu aliyemwomboleza Clark kwa namna ninayoiona ya stara kuliko zote, naye ni mpiga piano mwenzake, Bill Evans, ambaye heroini ilikuwa inamla pia. Mwaka 1963 Evans alirekodi Conversations with Myself, akijipiga juu ya rekodi yake mwenyewe mpaka zikasikika piano tatu. Mojawapo ya nyimbo aliiita "NYC's No Lark". Ukilisoma hivihivi ni jina la ajabu kidogo. Lakini zichukue herufi zake, zipange upya, zinatoa "Sonny Clark". Zote zipo, hakuna iliyobaki wala iliyoongezwa. Wimbo wenyewe ni mzito, una kiza, haufichi kwamba aliyekufa alikufa vibaya. Jina amelifunika, na maombolezo ameyaacha wazi yasikike. Aliyemjua Clark angelitambua. Asiyemjua angesikia mtu analia na asipewe maiti ya kutazama.

Kwa hiyo kanda ya Smith sitaisikiliza, hata ikiletwa mlangoni. Simhukumu mtafiti aliyekaa nayo masikioni ili aiandike, kama nisivyomhukumu daktari anayemfunua mgonjwa. Mtu mmoja alipaswa kusikia ili sisi wengine tuelezwe. Nami nimeshaelezwa.

Video niliifuta mwezi uliopita, pamoja na nakala iliyokuwa imejihifadhi yenyewe, kisha nikamwomba kila ndugu mmoja mmoja aifute kwenye simu yake. Wawili hawakunijibu. Kisha nikaenda kwa mama mkubwa nikamwekea ile ya harusini. Akatazama mpaka mwisho, akaniambia rudisha, akatazama tena, akaniuliza wimbo gani huo kaka yako anaopiga. Sikuujua. Tunaendelea kuulizia.

Jambo moja zaidi nilimwomba siku ile, na halikuwa rahisi kulisema mbele yake: kwamba watu wakituuliza aliugua nini, tusiseme tena kifua. Alinyamaza sana. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ila wiki iliyopita jirani mwenye kijana aliyeanza kupotea alikwenda kwake, wakafunga mlango, wakakaa mpaka magharibi. Walichozungumza sikuuliza.